Chumvi Kwenye Divai ya Madamu

Madamu hakuwahi kulewa, hakuwahi kuolewa, na hakuwahi kuiona bahari, lakini ungemkuta darasani anaieleza divai nyeupe ya pwani ya Hispania ungedhani kazaliwa kwenye pipa lake.

Jina lake tulilijua, maana liliandikwa kwenye ratiba ukutani, ila sikumbuki hata mtu mmoja aliyelitumia. Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha wasichana, mabanda ya mabati pale Mwisenge, Musoma, yanayopigwa na upepo wa ziwa kutwa nzima. Yeye alifundisha sayansi kimu: kupika, kufua, kutandika, kuandaa meza. Kwa wote alikuwa Madamu. Mkuu wa chuo mwenyewe, mwanamume mzima na tumbo lake, alimwita Madamu na kumpisha njia.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na gauni lake la kijivu lilikuwa limefuliwa mpaka halijui tena rangi yake. Mkononi hakukosa kitambaa cheupe cha meza. Kitambaa kile, jamani! Miaka ile ya foleni sabuni ya mche ilikuwa habari, ikija dukani mtu anaacha ugali mdomoni anakimbia. Sisi tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, mashati yanatoka na rangi ya chai. Kitambaa cha Madamu kilikuwa kinang'aa tu. Tukamsema. Tukasema ana mjomba kwenye duka la kaya, ana bwana wa siri anayemletea magendo. Baadaye ndiyo tukaja kugundua kwamba sabuni yake ya mgao alikuwa anatukatia sisi vipande vipande vya somo la kufua, yeye anafulia maji ya majivu. Hakuna aliyemwomba radhi, na hakuonekana kuitaka.

Sasa hiyo divai. Kabla ya kuja Musoma, Madamu alifanya kazi Bunda kwenye nyumba ya masista, na aliyemfundisha meza alikuwa sista mmoja Mhispania, mtoto wa wavuvi wa pwani yao ya kaskazini, ambako bahari ni ya baridi na mvua haipumziki. Sikukuu moja ndugu zake sista wakamletea chupa ya divai ya kwao. Madamu akaipoza, akaifungua, akaimimina, akasimama nyuma na kitambaa chake akiwatazama wanavyokula sato na kunywa. Yeye hakuonja. Alikuwa ameapa mbele ya kanisa lao akiwa msichana kwamba kilevi hakitagusa mdomo wake, na kanisa lao kwa mambo hayo halina utani. Lakini macho yake yalikuwa kazini. Akaona mtu anakula samaki, anakunywa, anafumba macho, anarudi kwenye samaki kwa furaha mpya. Akamuuliza sista, "Kwani ina ladha gani?"

Sista akamwambia: inaanza kama ndimu, halafu kama tunda ambalo halijaiva vizuri, halafu mwishoni kuna chumvi kidogo, kama unapolamba midomo umesimama ufukweni. Madamu akasema kwetu ufukwe upo, ila ukilamba midomo hupati kitu. Sista akacheka sana. Alipoondoka kurudi kwao alimwachia ile chupa tupu na glasi moja ya mguu mrefu.

Chupa moja tupu na glasi moja. Kwa vitu hivyo Madamu alifundisha kuhudumia divai kwa miaka yote niliyokaa pale, na mingine kabla yangu.

Mkuu wa chuo alijaribu kumzuia. Tulimsikia dirishani akisema, "Madamu, watu hawana sukari, wewe unawafundisha divai?" Madamu akamjibu kwa sauti ile ile ya kusomea mapishi. "Njia ya kwenda mbugani inapita hapo Bunda. Iko siku hoteli zitajengwa. Wasichana wangu wakiwa hawajui, mtaleta Wakenya." Mkuu akaondoka. Na sisi, tusiojua hoteli wala mgeni, tukashika kalamu tukaandika.

Glasi moja haiwezi kutosha darasa zima. Madamu akaenda kwa seremala mmoja mtaa wa Iringo, mzee wa Kiislamu mwenye mikono ya dhahabu, akamchorea glasi kwenye vumbi akamwomba amchongee za mti. Mzee akatazama ule mguu mwembamba, akauliza kitu gani kinanywewa humo. Madamu hakutaka kumtia mtu wa dini majaribuni. Akasema, "Maji ya ndimu." Na kweli, hakudanganya, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa kwenye chupa yetu. Maji ya mtungini, ndimu iliyochujwa kwenye kitambaa, na mwisho kabisa, kwa vidole viwili, chumvi kidogo.

"Samaki wetu ni wa maji baridi," alikuwa anasema akinyunyiza. "Hawana bahari ndani yao. Kwa hiyo sisi tunaitia."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu ndiyo yaliyokuja kumtoa machozi.

Amri zake zilikuwa chache na alizirudia mpaka tukawa tunaziota. Shika mguu, usishike tumbo, maana mkono wako una moto na utaiamsha divai kabla ya wakati. Mimina kidogo kwa mwenye meza, ngoja akubali, ndipo uwape wageni. Chupa usiibane kama unakaba mwizi. Kupoza tulipoza kwenye mtungi wenye mchanga mbichi, pale barazani penye upepo, chupa imevikwa kipande cha khanga kilicholowa. Umeme? Umeme gani! Na kipimo chake kilikuwa shavu. Unaiweka chupa shavuni. Ukifumba jicho moja, tayari. Ukipiga kelele, umezidisha, irudishe kwenye hewa.

Kingine kilicholeta ugomvi majumbani kwetu ni ndimu. Madamu alikataza kumkamulia samaki ndimu kama kuna divai mezani. "Ndimu iko kwenye glasi," alisema. "Ukiweka na huku, zinakuwa zinagombana mdomoni." Nilipojaribu nyumbani, mama akaniuliza hilo darasa linafundisha mapishi au uchoyo.

Samaki aliwapanga kama watu wa ukoo. Sato wa kuchoma, mwenye chumvi tu, huyo ndiye mwenyewe, huyo na divai hawahitaji mshenga. Sangara ana mafuta, anataka kitu cha kumkata, kwa hiyo divai inamfaa kuliko hata sato, ila mkaangeni vizuri asitoe jasho kwenye sahani. Dagaa wa kukaanga wakiwa wakavu kabisa, kwa kuanzia, wageni wakiwa bado wamesimama. Kamongo, hapana. "Kamongo ana maneno mengi," basi, hakueleza zaidi. Pilipili nayo ilifukuzwa mezani.

Halafu vile viumbe vya bahari. Alituchorea pweza ubaoni, na kwa kuwa hakuwahi kumwona, miguu ilikuwa inaongezeka kila mwaka. Akatuambia huko kwa sista wanakula kome na chaza, wanawafungua na kuwameza hivi hivi na divai hii. Tukauliza kome ni nini. "Ni kama konokono aliyejifungia nyumbani." Loh! Darasa lilipiga kelele mpaka mafundi cherehani wa banda la pili wakatoka. Sisi konokono wa ziwa tunamjua kwa kichocho. Madamu alisubiri tunyamaze, akasema, "Nyie mnakula kumbikumbi, wao wanawacheka?" Tukaandika kome.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na upendeleo. Nyuma ya chuo kulikuwa na mwanamke anapika gongo, Madamu akamchongea kwa balozi wa nyumba kumi mara nyingi mpaka akamwagiwa pipa. Mwanamke yule alipougua, Madamu ndiye aliyempelekea uji, asubuhi na jioni, na hakumsalimia. Anaweka bakuli, anaondoka. Nilimuuliza mbona anachukia kilevi na anafundisha divai. Akanitazama juu mpaka chini. "Mkunga anazaa yeye?" Mpaka leo sijapata la kumjibu.

Kwenye kipindi kile cha msako wa bidhaa zilizofichwa, watu wakitupa majora ya vitambaa ziwani kwa woga, mgambo wakaja na kwetu. Mmoja wao akafungua kabati la darasa akakutana na chupa yenye maandishi ya kigeni, imejaa. Akang'aka kama kapata dhahabu.

"Hii nini?"

"Maji, ndimu na chumvi," Madamu akasema.

"Maji yanakaaga kwenye chupa ya Wazungu?"

"Yanakaa popote ukiyatia. Onja."

Akammiminia kwenye glasi ya mti. Mgambo akaikamata kama kikombe cha togwa. "Shika mguu," Madamu akamwambia. "Usishike tumbo." Na yule bwana, bunduki begani, akashika mguu. Sisi tulikuwa tumeng'ata midomo. Akanywa, akatulia, akanywa tena, halafu uso ukabadilika.

"Chumvi! Mmeipata wapi chumvi?"

Maana siku hizo Musoma nzima ilikuwa inakula chakula kisicho na ladha. Tuliogopa kweli, hapo ndipo angeweza kumchukua. Madamu akasema taratibu kwamba ni ya mgao wake, yeye kwake anakula bila chumvi ili darasa lipate. Alisema kwa aibu, kama mtu aliyefumaniwa. Mgambo akarudisha glasi mezani, kwa kushika mguu, akaondoka na wenzake. Baada ya siku chache akapita peke yake na karatasi iliyokunjwa yenye chumvi ya mawe. Madamu akaipokea kwa mikono miwili, na hatukuuliza imetoka wapi.

Halafu mambo yakawa ruksa. Sijui niseme yalifunguka lini, nakumbuka tu kwamba sabuni zilijaa dukani na hakuna aliyekuwa anazikimbilia. Mitumba ikashuka, viwanda vya minofu ya sangara vikajengwa kandokando ya ziwa, wanunuzi wa nje wakaanza kuja, na kweli, kama Madamu alivyosema, hoteli ikafunguliwa Musoma, ukumbi wake unatazama maji. Mimi nikachukuliwa jikoni. Nyamisi, mwenzangu wa darasa, akachukuliwa kuhudumia meza. Huyo Nyamisi ndiye aliyekuwa mtiifu kuliko sote. Sisi tuliandika aliyosema Madamu, Nyamisi aliandika mpaka alivyokohoa.

Akaja mnunuzi mmoja Mhispania. Mchana, watu wamejaa, tajiri wetu, mwenye hoteli, yupo ukumbini na suti. Mhispania akatoa kwenye begi lake chupa ya divai nyeupe, akaomba ipozwe na aletewe sangara. Nyamisi akaja jikoni kunionyesha ile chupa, ameikumbatia kifuani. Ilikuwa ndugu wa ile ya kabatini, maandishi yale yale. Akaipoza kwenye barafu, akaiweka shavuni, akafumba jicho. Akaniambia, "Usimkamulie ndimu." Nikasema najua.

Nilichungulia mlangoni. Alimimina vizuri, jamani, Madamu angejivuna. Kidogo kwanza, akangoja, yule mgeni akakubali, akaongeza. Halafu, mbele ya watu wote, Nyamisi akachota chumvi kwa vidole viwili akainyunyiza kwenye glasi ya mgeni.

Mhispania alitazama glasi. Akamtazama Nyamisi. Akacheka mpaka akapiga meza. Hakuwa na ubaya, aliomba hata glasi nyingine akaendelea kula. Lakini tajiri aliona aibu ya mwaka, na jioni hiyo hiyo Nyamisi akahamishiwa kufua mashuka. Mji nao ukapata hadithi. Sokoni wakawa wanaitana, "Niwekee chumvi!" na kuangua vicheko.

Habari zikamfikia Madamu. Alikuja hotelini kwa miguu, na lile gauni la kijivu, akaomba kumwona tajiri. Nilikuwa nabeba sahani, nikasimama. Akamwambia, "Msichana hana kosa. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Mrudishe mezani."

Tajiri hakumkaripia, ingekuwa afadhali angemkaripia. Akamuuliza kwa upole tu, "Mama, wewe hiyo divai umewahi kuinywa?"

"Sijawahi."

"Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unawafundisha nini?"

Madamu, aliyemjibu mkuu wa chuo, aliyemjibu mgambo, aliyenijibu mimi nikakosa pa kujificha, alikunja kitambaa chake mara mbili, akasema asante, akatoka. Nilimfuata mpaka getini. Akaniuliza bila kunitazama, "Na ile chumvi ya mwishoni, haimo kabisa? Sista alinidanganya, au mimi ndiye niliyewadanganya?" Sikujua. Chupa ya mgeni hatukuionja, tulifundishwa na yeye mwenyewe kwamba mhudumu haonji. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Niliumia sana siku ile, na hasira zangu zote nilimalizia kwenye masufuria.

Baada ya hapo hakufundisha divai tena. Darasa la meza likawa la chai na maandazi. Alipostaafu akarudi kwao Buswahili, na glasi za mti akawagawia watoto wa jirani wakachezee.

Nilikawia kwenda kumwona. Nilihamia Bunda, nikapata jiko langu mwenyewe kwenye hoteli ya watalii, ukijua kazi za jikoni utanielewa. Nyamisi naye hakukaa sana kwenye mashuka, kwa sababu yule Mhispania kila akija anauliza, "Yuko wapi yule wa chumvi?" mpaka tajiri akachoka akamrudisha. Sasa ndiye mkubwa wa ukumbi. Safari yake ya mwisho, mgeni yule akamwachia chupa nzima kama zawadi. Nyamisi akaniita. "Mpelekee Madamu. Mimi nikienda nitalia tu, hatutaongea."

Nikapanda lori la kwenda Butiama asubuhi, nikaunganisha hadi Buswahili, na sato wawili kwenye gunia bichi, chupa nimeipakata kama mtoto. Nikamkuta Madamu barazani anachambua maharage. Amezeeka, macho yameingia ndani, ila kitambaa kipo begani, cheupe.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Umenenepa. Unaonja sana."

Tulicheka. Lakini nilipoingia ndani kuweka mzigo nikaona dirishani ile chupa ya sista. Ilikuwa imejaa mafuta ya taa, mdomoni imezibwa na tambara. Nikakaa kwanza.

Nilipotoka na chupa mpya aliacha maharage akaipokea. Akasoma maandishi kwa kidole. Nikamwambia imetoka kwa Nyamisi. Akauliza, "Hajanikasirikia?" Nikasema hajawahi. Akainuka, akaleta mtungi, akamwaga maji kwenye mchanga, akachana kipande cha khanga. Sato tukawachoma, chumvi tu. Nilipoipeleka chupa shavuni kwake akafumba jicho moja, na mimi nikafungua.

Glasi ya sista alikuwa bado nayo, kwenye sanduku, imeviringishwa kwenye gauni. Nikamimina kidogo. Nikasema nitaonja mimi halafu nimwambie, kiapo chake kibaki salama.

"Utaniambia ili nifurahi," akasema. "Nakujua. Lete."

Akashika mguu wa glasi. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti, "Bwana, unajua hii ni kazi." Akala samaki kwanza, akatafuna taratibu, akameza. Ndipo akanywa. Uso ukakunjamana wote, nikafikiri atatema. Hakutema. Akakaa na mdomo umefungwa, anatazama maharage yake. Halafu akalamba midomo, mara moja, akangoja, akalamba tena.

"Ipo," akasema.

"Nini, Madamu?"

"Chumvi. Iko mwisho kabisa, ukishameza. Inakuja yenyewe, haitiwi. Hapo ndipo nilipokosea." Akaweka glasi chini kwa uangalifu. "Hapo tu."

Mimi nilikuwa nalia wazi wazi. Yeye akafuta vidole kwa kitambaa, akasukuma glasi kuelekea kwangu, na hakuigusa tena. Akaanza kula samaki kwa hamu, anang'oa mifupa, anatikisa kichwa peke yake.

"Nyamisi mwambie leo leo," akasema. "Mwambie mengine yote alifanya sawa. Na hiyo chupa ikiisha niachie. Wasichana wa hapa Buswahili wanashika kila kitu tumboni."